Miji ya Vilimani: Giheta, Gitega na Muyinga





Mwenye kusimulia habari za Mombasa au Kilwa huanza na bandari, akataja msikiti wa kale na majumba ya mawe, kisha akafika kwa watu. Kwa nchi ya Burundi mpango huo haufai. Hapa palikuwa na watu wengi, tena wakulima hodari, na ufalme wenye nguvu, lakini hapakuwa na miji, wala vijiji vya nyumba zilizobanana. Kila mwenye nyumba alijenga rugo lake peke yake ubavuni mwa kilima, akalizungushia ua, na ua akauzungushia migomba. Mtu alipoulizwa kwao alitaja kilima chake. Hata mfalme hakuwa na mji mkuu mmoja; alikuwa na nyua zake huku na huku, akihama kutoka uga huu hadi ule kwa majira na kwa haja za utawala. Kwa hiyo miji inayozungumzwa leo ni michanga: mkubwa wake, Gitega, ulitimiza umri wa miaka 100 mwaka 2012.

Yafaa kwanza kuyatazama majina, kwa sababu yamebeba historia ambayo wengi huipita bila kuiona. Katika ramani na barua za Wajerumani Gitega huandikwa Kitega. Kosa la kalamu silo. Ulimi wa Kirundi hugeuza "ki" kuwa "gi" mbele ya sauti kama "t", ilhali Kiswahili hakigeuzi. Wajerumani waliandika jinsi walivyosikia kwa wakalimani na askari wao, na hao walikuwa wasemaji wa Kiswahili. Ndivyo ilivyokuwa kwa nchi yenyewe, iliyoitwa Urundi kwa kanuni ileile ya Unyamwezi na Uganda, na kwa Usumbura, ambayo leo ni Bujumbura. Karatasi za kwanza za serikali katika nchi hii, basi, zina muhuri wa matamshi ya Waswahili, ijapokuwa Waswahili wenyewe hawakuandikwa humo ila kwa nadra.

Je, walifikaje? Zama za misafara, wafanyabiashara wa Kiarabu na wa Kiswahili waliokuwa na makao Ujiji walizunguka pwani ya Ziwa Tanganyika, wakafanya vituo Rumonge, Nyanza na Uzige. Kupanda milimani kukawashinda. Muhammad bin Khalfan al-Barwani, aliyejulikana kwa lakabu ya Rumaliza, alijaribu kwa silaha kuiingia Burundi katika miaka ya 1880 na baadaye, na Mwami Mwezi Gisabo akamzuia. Jambo hili ni lazima lisemwe wazi mbele ya Waislamu: biashara ya watu ilikuwamo katika mizigo ya misafara ile, na Mwami aliyefunga njia aliwalinda raia zake. Heshima ya dini haihitaji kufichwa kwa jambo hilo. Uislamu haukuingia Gitega kwa bunduki za Rumaliza. Ulikuja baadaye kwa njia nyingine, tena kwa watu wadogo.

Wajerumani walianza na ngome ya Usumbura mwishoni mwa karne ya 19. Mwaka 1903 walimlazimisha Mwezi Gisabo kukubali mapatano ya Kiganda. Naye alifariki mwaka 1908. Mwaka 1912 wakahamisha makao yao ya utawala kutoka joto la ziwani wakayapeleka Gitega, katikati ya nchi, mahali palipo juu kiasi cha mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Wakajenga boma. Na penye boma hufuata kambi ya askari, penye kambi hufuata duka, na penye duka hufuata mshona nguo, mpika chakula, fundi seremala, na mwalimu wa kuwafundisha watoto wa hao wote Alifu na Bee. Walitoka Ujiji, Tabora, Pwani na Manyema. Mtaa wa Nyamugari mjini Gitega, ambao hata leo hujulikana kwa Waislamu wake, ni wa asili ya namna hiyo: watu wa kazi mbalimbali waliounganishwa na lugha moja na swala moja.

Athari yao imebaki katika vinywa vya watu wote, Waislamu na wasio Waislamu. Mrundi anaposema "amahera" kwa maana ya fedha, anataja bila kujua sarafu ya Kijerumani iliyoitwa heller, ambayo Waswahili waliigeuza kuwa hela kisha wakaipandisha milimani. Anaposema "igitabu", "ikaramu", "isabuni", "ameza" au "ibarabara", yote hayo yalipita njia hiyohiyo. Hata "ishuri" ni neno la Wajerumani lililovikwa kanzu ya Kiswahili ya "shule" kabla ya kufika Burundi. Mtu angeweza kuandika historia nzima ya mji wa Gitega kwa kufuata vitu vilivyouzwa katika maduka yake ya kwanza na majina vilivyokuja nayo.

Mwezi wa Juni 1916 majeshi ya Wabelgiji yaliingia Usumbura na kisha Gitega. Chini yao, makao makuu ya Ruanda-Urundi yote yalikuwa Usumbura, lakini Gitega ukabaki makao ya Rezidenti wa Urundi. Mjini humo, tarehe 10 Januari 1932, alizaliwa Mwanamfalme Louis Rwagasore, mwana wa Mwami Mwambutsa, ambaye baadaye alipigania uhuru akasikilizwa sana na Waswahili wa Usumbura, wachuuzi wa sokoni miongoni mwao. Aliuawa tarehe 13 Oktoba 1961, na uhuru ukaja tarehe 1 Julai 1962 bila yeye kuuona.

Katika miaka ya Wabelgiji Waislamu walikaa kandokando. Elimu iliachwa mikononi mwa misheni, na mzazi aliyeogopa mtoto wake asibadilishwe dini alimzuia nyumbani au alimpeleka chuoni kusoma Kurani tu. Hofu ile ilikuwa na sababu; hasara yake nayo ilikuwa kubwa, kwani ofisi zilipofunguliwa kwa wenyeji, watoto wa Waswahili hawakuwa na vyeti. Wakashika biashara, udereva na ufundi. Ndipo neno "Mswahili" likapata maana mbili katika Kirundi: Muislamu wa mjini, na pia mtu mjanja wa maneno asiyeaminika. Maana ya pili ni dharau, na haikuondoka upesi. Hata aliyezaliwa Gitega, na baba yake akazaliwa Gitega, aliweza kuulizwa kilima chao ni kipi, na akikosa jibu akahesabiwa mgeni.

Sasa na tupande barabara ya Ngozi. Kilomita chache kutoka Gitega msafiri yumo Giheta. Hapa ndipo Kirimiro hasa, kama wenyeji wanavyoiita sehemu hii ya katikati: vilima vya mviringo vilivyofuatana kama migongo ya ng'ombe, mabonde ya majimaji kati yake, migomba juu, kahawa ubavuni, maharage na mahindi kila penye nafasi ya jembe. Kituo chenyewe si kikubwa. Sifa ya Giheta imo katika vilima vyake viwili, kimoja cha furaha na kimoja cha msiba.

Cha kwanza ni Gishora. Hapo Mwezi Gisabo, baada ya kumshinda mwasi Ntibirangwa, aliweka uga na ngoma za kifalme, na mbili kati ya hizo zina majina ambayo kila mpiga ngoma anayajua: Ruciteme, yaani yule ambaye kwa ajili yake msitu hufyekwa, na Murimirwa, yaani yule ambaye kwa ajili yake watu hulima. Katika lugha ya Warundi neno "ingoma" lina maana ya ngoma na ya ufalme pia. Mwaka 2014 shirika la UNESCO liliingiza ngoma ya kifalme ya Burundi katika orodha ya urithi wa binadamu. Wako Waislamu wanaoona shaka kuhusu mambo ya uga wa wafalme, na shaka hiyo inaeleweka kwa upande wa mizimu. Lakini majina yale mawili yanataja kufyeka na kulima, na mtu wa Kirimiro hana habari iliyo kubwa kuliko hiyo.

Cha pili ni Kibimba. Wamisionari wa Kikwekeri kutoka Kansas, Marekani, walifungua misheni hapo mwaka 1934, wakajenga shule na hospitali. Tarehe 21 Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye aliuawa Bujumbura, na siku hiyohiyo wanafunzi na walimu wa Kitutsi wa shule ya Kibimba walikamatwa, wakafungiwa katika jengo huko Kwibubu, wakateketezwa kwa moto. Katika kisasi kilichofuata, Wahutu wengi wa vilima vya jirani waliuawa nao. Wazee walikuwa hawajasahau mwaka 1972, ambapo Ntare wa Tano, mfalme wa mwisho, aliuawa Gitega mwishoni mwa Aprili, na Wahutu wasio na idadi wakaangamizwa nchi nzima. Pamejengwa ukumbusho Kwibubu kando ya barabara. Kwa miaka ile ya vita, mpaka mapatano ya Arusha ya Agosti 2000 na baada yake, mitaa ya Waislamu, Buyenzi mjini Bujumbura ikiwa mashuhuri zaidi, ilijulikana kwa kukataa kugawanyika na kwa kuwaficha waliokimbia, wa kabila hili na lile. Yule aliyeitwa mgeni kwa sababu hakuwa na kilima alionekana kuwa na mlango wa kufungua.

Tukirudi kwenye hali ya hewa, wenyeji wa pwani wanapopanda Gitega hustaajabu kwanza kwa baridi. Nchi hii iko chini kidogo tu ya Ikweta, lakini urefu wake juu ya bahari umeipoza. Wastani wa joto ni nyuzi 20 au pungufu. Mwezi wa Juni na Julai mbingu huwa safi, mchana una jua kali, na usiku hutaka blanketi la pili. Aliyeamka kutia udhu kwa maji ya mtungi kabla ya Alfajiri hahitaji kuelezwa. Mvua huanza mwishoni mwa Septemba, hulegea kidogo katikati, hukaza tena Machi na Aprili, na hukoma mwezi Mei. Kwa mwaka mzima hufika kiasi cha milimita 1,100 au zaidi. Wakulima hugawa mwaka katika misimu mitatu ya kupanda: Agatasi, iendayo na mvua za kwanza, Impeshi, iendayo na mvua kubwa, na Ici, wakati wa kiangazi, ambapo hulimwa mabondeni tu penye unyevu.

Ukaribu wa Ikweta una neema nyingine ambayo Waislamu wa hapa huichukulia kuwa jambo la kawaida. Mchana haurefuki wala haufupiki kwa kiasi cha kutajika. Ramadhani ikiangukia Ici au ikiangukia Agatasi, saa za kufunga ni karibu zilezile, yapata 13 na nusu, ilhali ndugu zao waliohamia Ulaya hufunga saa 18 mwaka mmoja na 11 mwaka mwingine. Kinachobadilika hapa ni kazi: saumu iliyoangukia wakati wa kupanda maharage humkuta mtu na jembe mkononi tangu asubuhi. Tena kibla cha Gitega kinaelekea kaskazini na kupinda kidogo mashariki, na upande huohuo, kwa kukadiria, ndiko yanakokwenda maji. Ruvyironza hukutana na Ruvubu si mbali na Gitega, Ruvubu huingia Kagera, Kagera huingia Ziwa Viktoria, na kutoka humo maji ni Mto Nili mpaka Misri. Chemchemi ya Rutovu, iliyo ya mbali kuliko zote upande wa kusini, iliwekewa piramidi ndogo mwaka 1938.

Afuataye maji hayo kwa barabara ya Karuzi hutokea Muyinga, na huko nchi inabadilika tabia. Hiyo ni Bweru. Mji wenyewe uko juu, wenye upepo, lakini pande za Ruvubu na za Bugesera nchi hushuka, mvua hupungua, na kiangazi hurefuka. Watu wa Kirimiro huogopa mvua itakayochukua udongo. Watu wa Muyinga huogopa mvua isiyokuja. Mwaka 2005 ukame uliwatia njaa watu wa Kirundo na Muyinga, na mihogo, ambayo ndiyo akiba ya maskini, ilikuwa imekwisha kushikwa na ugonjwa wa batobato. Wengi walifunga vyombo wakavuka mipaka.

Mpaka ndio riziki ya Muyinga. Katika Kobero malori ya kutoka Dar es Salaam huingia Burundi yakipitia Kabanga upande wa Ngara, na kwa hiyo Kiswahili cha Muyinga kina sauti ya Tanzania kuliko kile cha Bujumbura, ambacho kina harufu ya Kongo. Dereva na wakala wa forodha, mama muuza chai na kijana wa kubadilisha fedha, wote hukutana katika lugha hiyo hata kama hawakutani msikitini. Wakimbizi wa Kirundi waliporudi kutoka kambi za Tanzania walipita hapo, watoto wao wengi wakijua Kiswahili kuliko Kirundi. Na huko Gasorwe ilifunguliwa mwaka 2002 kambi ya Wakongomani, nao pia ni wasemaji wa Kiswahili. Watu waliodhani Kiswahili nchini Burundi ni lugha ya kikundi kidogo cha Waislamu wamekosa hesabu kwa muda mrefu.

Liko pia jengo moja la Muyinga linalostahili kutazamwa na kila anayetaka kujenga msikiti au madrasa. Ni maktaba iliyokamilishwa mwaka 2012 kwa ajili ya shule ya watoto viziwi. Kuta zake ni za matofali ya udongo wa hapohapo, yaliyoshindiliwa bila kuchomwa, paa ni la vigae, na mbele yake kuna baraza ndefu yenye kivuli. Hewa hupita kutoka upande mmoja hadi mwingine, na ndani mna wavu mkubwa wa kamba za katani ambamo watoto hulala wakasoma. Matofali ya kuchoma hula kuni, na kuni za Muyinga hazitoshi hata za kupikia. Bati nalo huunguza mchana na hupiga kelele wakati wa mvua hata sauti ya khatibu isisikike.

Mambo mawili ya karibuni yamegeuza hali ya miji hii yote. Mwezi Desemba 2018 ilitangazwa kwamba Gitega utakuwa makao makuu ya siasa, na Bujumbura ubaki wa biashara. Bunge likapitisha sheria mwanzoni mwa mwaka 2019. Kisha kwa sheria ya mwaka 2023, iliyoanza kutumika kwa uchaguzi wa 2025, mikoa 18 ikawa 5 na tarafa 119 zikawa 42. Mkoa wa Muyinga ukamezwa na mkoa mpya wa Buhumuza pamoja na Cankuzo na Ruyigi. Juu ya hayo, Agosti 2025 ilizinduliwa huko Musongati kazi ya reli kutoka Uvinza, nayo imekusudiwa kuendelea hadi Gitega. Reli ya Wajerumani ilifika Kigoma mwaka 1914, ikasimama ukingoni mwa ziwa. Zaidi ya karne moja imepita ikingojewa upande huu.

Kwa tajiri hizi ni habari za faida. Kwa jamaa ya Waislamu ni habari za haraka, kwa sababu ya ardhi. Viwanja vya misikiti mingi, vya madrasa na vya makaburi vilipatikana zamani kwa neno la mdomo: chifu alionyesha mahali, mzee akafyeka, mwingine alikufa akaacha rugo lake kuwa wakfu mbele ya mashahidi watatu. Wakati Gitega ulipokuwa mji mdogo wa mkoa, hakuna aliyeyatamani makaburi. Leo kila uwanja ulio karibu na barabara hutafutwa na wenye kujenga ofisi na hoteli, na wakfu usio na karatasi ni shamba lisilo na ua.

Sheria ya ardhi ya mwezi Agosti 2011 imefungua njia. Mwenye kumiliki kwa desturi anaweza kuomba cheti katika ofisi ya ardhi ya tarafa. Kamati huja kuitazama ardhi papo hapo, majirani huitwa, mipaka hutembelewa kwa miguu mbele ya wote, na asiyekubali husema hapohapo. Kwa hiyo ushahidi hasa ni kumbukumbu ya wazee: nani alipanda mti ule wa mvumu wa mpakani, mfereji ulipita wapi kabla ya barabara. Wazee hao ni wachache, na kila masika wanapungua. Tena tarafa zimeunganishwa, na majalada yamehama kutoka ofisi moja hadi nyingine, kwa hiyo aliyepata cheti kabla ya 2025 yafaa ahakikishe jalada lake limefika lilikopelekwa.

Na kuna swali la jina. Cheti kikiandikwa kwa jina la imamu au la mzee aliyeshika funguo, siku akifa warithi wake watakuwa na hoja mbele ya hakimu, hata kama wote wanajua kwamba uwanja ni wa Mwenyezi Mungu. Kiandikwe kwa jina la jamaa yenyewe kama ilivyosajiliwa serikalini, na nakala ziwekwe mahali pawili tofauti, kwani mchwa wa Kirimiro hula karatasi kama wanavyokula mbao, na mvua ya Aprili huingia hata katika kabati lililofungwa.